Ulizieni Shamba Kwanza: Kuufuatilia Ukoo wa Wakulima wa Denmark kwa Masimulizi ya Wazee

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana ambao naambiwa mmekuja kwa ahadi ya pilau itakayofuata, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuufuatilia ukoo wa wakulima wa Denmark kwa kuwasikiliza wazee wao, na sababu ya ombi hilo inaeleweka. Wengi wetu tuliomo humu tumeoa au tumeolewa huku, na watoto wetu kwa upande mmoja ni wajukuu na vitukuu wa watu waliolima rasi ya Jylland au visiwa vya Fyn na Sjælland kwa vizazi ambavyo hakuna mtu katika familia anayeweza kuvihesabu bila kusita. Upande wa kwetu tunawasimulia watoto mpaka wao wenyewe wanatuomba tupumzike. Upande wa pili wanabaki na picha ya harusi iliyofifia, Biblia yenye tarehe chache ndani ya jalada, na jina linaloishia na -sen ambalo nusu ya wilaya inalo. Mimi si mwanahistoria. Nilifanya kazi ya masjala kabla ya kuhamia huku, nikaolewa katika ukoo wa wakulima wa Jylland ya magharibi, na nilicho nacho ni mazoea ya kukaa na wazee wa ukoo huo, kisha kwenda kuyatafuta waliyoyasema katika madaftari ya zamani. Katika mazoea hayo nimeshika kanuni moja ambayo nitaitetea mchana huu: mkikaa mbele ya mzee wa Kidenmark aliyetoka shambani, ulizieni shamba kwanza, majina ya watu yatafuata.

Kwa nini jina peke yake linapoteza? Sisi tuliotoka pwani hatuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa Ali bin Juma ni mwana wa Juma, mtoto wa Ali ataitwa bin Ali, wala hakuna anayeshangaa kwamba babu na mjukuu hawashiriki jina la mwisho. Wakulima wa Denmark waliishi hivyo hivyo: mtoto wa kiume wa Jens aliitwa Jensen, mwanawe Peder Jensen akazaa kina Pedersen, na binti alilibeba jina la baba yake likiishia na -datter mpaka siku ya kuzikwa, kwa sababu ndoa haikulibadilisha. Amri ya mwaka 1828 iliwataka wachungaji wawabatize watoto kwa jina la kudumu la ukoo, lakini vijijini ilipokelewa shingo upande, na kila mchungaji akaitekeleza kwa ufahamu wake, hata ikawa kwa miongo kadhaa unakuta baba yuko katika utaratibu wa zamani na watoto wake wamo katika utaratibu mpya. Sheria ya mwaka 1856 ikakaza kamba, na jina ambalo familia ilikuwa nalo wakati huo likabaki hapo hapo. Ndiyo maana nchi imejaa kina Jensen, Nielsen na Hansen wasiohusiana hata kidogo. Mwaka 1904 ikaja sheria nyingine iliyorahisisha kubadili jina, na watu wengi wakaiacha -sen wakajitwalia jina la kijiji au la shamba. Upande wa kusini, katika Slesvig, amri ya majina ya kudumu ilikuwa imetangulia tangu 1771. Kwa hiyo mtu anayelifuata jina la mwisho kurudi nyuma, vizazi vitatu tu vinatosha kumfikisha mahali ambapo ama anakwama, ama anaingia katika ukoo wa watu wengine bila kujua, na hilo la pili ndilo baya zaidi kwa kuwa linampa furaha.

Shamba halina tabia hiyo. Hasa Jylland, majirani walimwita mtu kwa jina la shamba alilokaa, na mwanamume aliyeoa binti au mjane wa shamba fulani akahamia kwao alianza kuitwa kwa jina la shamba lile, hata kama katika daftari la kanisa aliendelea kuandikwa kwa jina la baba yake. Vestergaard ni shamba la magharibi, Nørregaard ni la kaskazini, na yako mengi ya majina hayo. Lakini ukishajua ni Nørregaard ya usharika gani, umesimama kwenye ardhi isiyohama, na watu wote waliopita juu yake wanaweza kutafutwa mmoja baada ya mwingine.

Sasa niwaeleze jinsi mazungumzo yenyewe yanavyokwenda. Shangazi wa mume wangu, mwanamke aliyekuwa amevuka miaka tisini na mwenye akili timamu kuliko wengi wetu, alitembelewa na mmoja wa vijana wa ukoo aliyekuja na fomu. Kijana akamwuliza babu wa babu yake alizaliwa mwaka gani. Akajibu kwamba hajui. Akamwuliza aliitwa nani. Akasema labda Christen, labda Niels, halafu akauliza kama kuna anayetaka kahawa zaidi, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha. Wiki chache baadaye tulikwenda sisi wengine, saa tisa alasiri kama desturi ya kahawa yao inavyotaka, tukaomba picha iliyokuwa ukutani ishushwe iwekwe mezani. Karibu kila nyumba ya wakulima huku inayo picha ya namna hiyo: shamba lao lilivyoonekana kutoka kwenye ndege, zilizopigwa kuanzia miaka ya 1930 na kampuni zilizopita angani kisha zikatuma wachuuzi mlango kwa mlango kuziuza. Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen imeziweka nyingi mno mtandaoni, kwa hiyo hata ambaye familia yake haikununua hajakosa.

Shangazi akaweka kidole juu ya paa. Shamba lao lilikuwa la mabawa manne yanayozunguka ua, kama mashamba mengi ya zamani: nyumba ya kuishi, zizi la ng'ombe, banda la farasi na ghala la nafaka. Akatutembeza bawa kwa bawa. Hapa walilala watumishi wa kiume, karibu na farasi, ambako kulikuwa na joto la wanyama. Hapa palikuwa na tanuri la mikate. Hapa alianguka mtoto wa kaka yake. Alipofika mwisho wa nyumba ya kuishi, kwenye dirisha dogo la upande wa mashariki, akasema kwamba chumba kile kilikuwa cha bibi wa baba yake, na kwamba bibi huyo alikuwa na mizani yake mwenyewe, akiipima siagi aliyoletewa kila Jumamosi mbele ya mkwewe, kwa sababu hakumwamini. Alisimulia jambo hilo kwa hasira ambayo haikuwa yake, alikuwa ameirithi.

Hasira hiyo ilitusaidia kuliko tarehe yoyote. Mkulima wa Denmark alipozeeka na kumkabidhi mwanawe au mkwewe shamba, kwa kawaida hakutegemea mapenzi tu. Waliandikiana mkataba wa matunzo, nao ukasajiliwa katika vitabu vya mahakama ya wilaya pamoja na hati za umiliki na rehani. Mikataba hiyo inasomwa kwa raha isiyo kifani. Inataja chumba watakachokaa wazee na jiko watakalopikia; kiasi cha rai, nafaka ya mkate wao mweusi, na kiasi cha shayiri kwa mwaka; maziwa ya kila siku, siagi ya kila wiki, kondoo watakaolishwa kiangazi na baridi pamoja na kondoo wa mwenye shamba; kuni, au yale matofali ya udongo wa kinamasi waliyoyakausha na kuyachoma badala ya kuni; kipande cha bustani; farasi na gari la kuwapeleka kanisani na kwa daktari; uuguzi wakiugua; na mwishoni kabisa mazishi ya heshima kwa desturi ya pale. Mwanamke anayepima siagi kila Jumamosi ni mwanamke aliyejua kwamba kiasi chake kimeandikwa mahali. Tukautafuta mkataba, tukaupata, na ndani yake mlikuwa na majina ya wazee wote wawili, jina la anayepokea, na majina ya ndugu zake waliopaswa kulipwa sehemu yao ya urithi, mmoja wao akiwa dada ambaye katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumtaja. Kama tungeng'ang'ania mwaka wa kuzaliwa, tungekuwa bado tunakunywa kahawa.

Kutoka hapo ndipo tunakwenda kwenye madaftari ya usharika. Nchi hii ina bahati. Amri za mwaka 1645 na 1646, wakati wa mfalme Christian wa Nne, ziliwataka wachungaji waandike ubatizo, ndoa na mazishi, ingawa vitabu vingi vya kwanza viliteketea pamoja na nyumba za wachungaji zilizoezekwa kwa nyasi. Kuanzia karibu mwaka 1814 kazi hiyo ikawekwa katika safu zilizochapwa, na kila usharika ukawa na madaftari mawili, moja la mchungaji na moja la karani wa kanisa, kwa sharti kwamba yasilale usiku mmoja chini ya paa moja. Aliyeitunga kanuni hiyo aliuelewa moto. Leo yote yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo imeyapiga picha na kuyaweka mtandaoni bila malipo, na mtu akiwa na subira na ule mwandiko wa Kigothi uliotumika mpaka kwenye miaka ya 1870 anaweza kuyasoma akiwa jikoni kwake.

Msiishie kwenye ubatizo. Safu ya kipaimara mara nyingi ina habari nyingi zaidi: tarehe ya kuzaliwa, wazazi, mahali mtoto alipokuwa akikaa, alama za maarifa na za mwenendo, na tarehe aliyochanjwa ndui pamoja na jina la aliyemchanja, kwa kuwa tangu 1810 asiyekuwa na cheti cha chanjo au asiyekuwa ameugua ndui hakuruhusiwa kupata kipaimara wala kufunga ndoa. Na katika ubatizo wenyewe waangalieni wadhamini. Mwanamke aliyembeba mtoto mpaka kwenye maji kwa kawaida alikuwa ndugu wa karibu, na mzee anaposema kwamba watu wa shamba fulani walikuwa watu wetu lakini sijui kwa vipi, jibu mara nyingi limo kwenye orodha hiyo ya majina matano.

Iko desturi moja ya majina ambayo wazee wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida alipewa jina la babu mzaa baba, na mabinti walipewa majina ya bibi zao, na hilo halitushangazi. Lakini mjane wa kiume alipooa tena, binti wa kwanza wa mke mpya alipewa jina la mke aliyefariki. Vilevile mwanamke aliyefiwa na mume akaolewa tena, mtoto wa kiume wa kwanza wa ndoa mpya alibeba jina la marehemu. Shangazi aliposema, kama jambo la kawaida, kwamba mama wa babu yake alikuwa na dada mkubwa aliyeitwa Maren kwa sababu ya Maren mwingine, tulijua papo hapo kwamba tunatafuta ndoa mbili. Majina yalitumika tena pia mtoto mdogo alipofariki. Mtoto aliyefuata alipewa jina lile lile, na kwa hiyo mtu akiupata ubatizo wa Maren katika shamba lile lile na wazazi wale wale asishangilie kabla ya kuisoma safu ya mazishi ya miaka michache inayofuata. Nimeona ukoo mzima uliochapwa kwa fahari ambao unamtegemea mtoto aliyeishi wiki sita.

Mpaka hapa nimesema kuhusu wenye mashamba, na wenye mashamba ndio wanaokumbukwa. Lakini wengi wa mababu wa watoto wetu walikuwa watumishi wa mashamba, au wakulima wa vibanda wenye kijishamba kisichotosha kulisha ng'ombe mmoja, na hao walihama kila mara. Siku za kuhama zilikuwa zimewekwa, 1 Mei na 1 Novemba, na wazee bado wanasema kwamba fulani alikuja Novemba au alikimbia kabla ya Mei. Yaandikeni maneno hayo kama yalivyo. Tangu mwaka 1832 kila mtumishi alitakiwa kuwa na kitabu chake, ambamo iliandikwa kila mahali alipotumikia, kikathibitishwa na mchungaji na baadaye polisi anapohama, na sharti hilo lilidumu mpaka 1921. Vitabu hivyo havimo katika kumbukumbu za serikali, kwa kuwa vilikuwa mali ya mtumishi mwenyewe. Vimo kwenye makabati, chini ya vitambaa vya meza, na hakuna atakayewaletea msipouliza. Kwa wanaume iko njia ya ziada. Tangu 1788 watoto wa kiume wa wakulima waliandikwa tangu kuzaliwa katika orodha za kuitwa jeshini, na mtu akihama, kuhama kwake kuliandikwa pia. Sensa nazo zinasaidia: ya 1787, ya 1801, ya 1834, ya 1840, na kuanzia ile ya 1845 panatajwa na mahali mtu alipozaliwa, jambo linalomwokoa anayemtafuta mtumishi aliyetoka mbali.

Mwaka huo wa 1788 haukuangukia hapo kwa bahati nasibu. Tangu 1733 wanaume wa vijijini walikuwa wamefungwa kisheria katika eneo la kabaila walikozaliwa, ili kabaila asikose wapangaji wa mashamba yake na jeshi lisikose askari. Kifungo hicho kilianza kuondolewa tarehe 20 Juni 1788, na orodha za jeshi zikahama kutoka mikononi mwa makabaila kwenda serikalini. Mkulima wa kabla ya hapo, na wa miaka mingi baadaye, mara nyingi alikuwa mpangaji, na anatafutwa katika vitabu vya kabaila vya upangaji, ambavyo hutaja nani aliyelishika shamba kabla yake na kama amemwoa mjane wake. Mnadhani ni mbali mno kwa kumbukumbu ya mtu aliye hai? Mwanamke aliyezaliwa 1932 aliweza kulelewa na bibi aliyezaliwa 1858, na huyo akasikia mambo kutoka kwa bibi yake aliyezaliwa 1795. Hatua tatu tu, na umefika kwa mtoto ambaye baba yake alizaliwa chini ya kifungo hicho. Ndiyo maana katika familia zingine bado inasimuliwa kwamba nyumba ilihamishwa, bila mtu kujua kwa nini. Ilihamishwa kwa sababu baada ya sheria ya 1781 vipande vya ardhi vilivyokuwa vimetawanyika katika mashamba ya pamoja ya kijiji vilikusanywa, kila mkulima akapewa eneo moja, na waliopewa eneo la mbali walizifungua nyumba zao za fremu za mbao wakazijenga upya huko nje. Mzee anayesema kwamba kwao kulikuwa kijijini zamani, kabla ya hapa, hachanganyi mambo.

Kuhusu miaka, hata hivyo, wazee wasiaminiwe, na wao wenyewe hawadai kuaminiwa. Wakumbusheni kwa matukio: kabla au baada ya vita vya 1864 na Wajerumani, kabla au baada ya mafuriko ya Novemba 1872 kwa watu wa visiwa vya Lolland na Falster, wakati wa Wajerumani, yaani kati ya Aprili 1940 na Mei 1945. Kwa watu wa Jylland ya magharibi kipimo kizuri ni kiwanda cha maziwa cha ushirika. Cha kwanza kilifunguliwa Hjedding mwaka 1882, wakati bei ya nafaka ilipokuwa imeanguka na wakulima wakigeukia siagi na nyama ya nguruwe, na katika miaka michache vilienea nchi nzima. Mzee akikumbuka kusimuliwa kwamba bibi alikuwa akitengeneza siagi nyumbani kabla ya gari la maziwa kuanza kupita, umepata muongo wake.

Kisha kuna hadithi ambazo kila ukoo unazo, na hapa niwe mkweli kwenu: nyingi ni za uongo, lakini zipo kwa sababu. Ukikutana na familia ya Jylland yenye nywele nyeusi, utaambiwa kwamba babu yao alikuwa askari wa Kihispania. Askari hao walikuwepo kweli. Mwaka 1808 Napoleon aliwaleta Denmark maelfu ya Wahispania kwa mpango wa kuishambulia Sweden, na mwezi Machi wa mwaka huo waliokuwa wakikaa katika ngome ya Koldinghus waliwasha moto mkubwa mno kujikinga na baridi, ngome ikaungua. Lakini walikaa miezi michache tu, na njia ya kuijaribu hadithi ni nyepesi: tafuteni mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa 1808 au katika miezi ya mwanzo ya 1809, tena katika eneo ambalo askari walikaa. Asipokuwepo, hadithi imekwisha. Mara nyingine chini yake kuna jambo lingine la kweli, kwa mfano wale Wajerumani wa kusini-magharibi walioletwa kuanzia 1759 kulima nyika ya Alheden, ambao majirani waliwaita Wajerumani wa viazi, na ambao kanisani kwao Kijerumani kiliendelea kutumika mpaka 1870. Mzee aliyesikia kwamba mababu walikuwa wageni weusi wa nywele waliosema lugha nyingine alisikia jambo sahihi. Ni Uhispania tu iliyoongezwa njiani, nadhani kwa kuwa ilipendeza zaidi kuliko viazi.

Jambo gumu zaidi ni lile lisilosemwa. Mtumishi wa kike aliyepata mimba, mtoto aliyelelewa na bibi akadhani ni mama yake, baba aliyetajwa na mama mbele ya mchungaji akakana: daftari la kanisa linayaandika hayo waziwazi, na mara nyingi jina la baba aliyetajwa limo. Vijana wetu wakiyakuta hukimbilia kuyatangaza mezani siku ya Krismasi. Mimi naona si adabu. Mzee aliyelinyamazia jambo kwa miaka themanini ana sababu zake, na mara nyingi analijua kuliko daftari. Tulipouliza kuhusu mtu mmoja katika picha ya kipaimara, shangazi alisema tu kwamba huyo alikuwa mtoto wa nyumbani, akaigeuza picha. Sikumwuliza zaidi. Baadaye, tukiwa wawili tu na tukiosha vikombe, alinieleza yote, akataja na jina la shamba ambako mama wa mtoto huyo alikuwa akitumikia.

Waliokwenda Marekani ni wengi, karibu watu 300,000 katika nusu karne iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia, na kuwapata si kazi kubwa, kwa kuwa polisi wa Copenhagen waliandika mikataba ya safari tangu 1869, pamoja na umri, mahali mtu alipotoka na mahali alipokwenda. Ulizeni barua ziko wapi, na ni nani aliyekuwa akizijibu.

Kwa wale wenye wakwe Jylland ya kusini, mambo yanabadilika, na huko kuna jambo linalotuhusu sisi. Baada ya vita vya 1864 eneo lile likawa chini ya Prussia, na lilirudi Denmark baada ya kura ya Februari 1920. Kwa hiyo vizazi vya hapo vinatafutwa kwa Kijerumani na kwa Kidenmark, na kuanzia Oktoba 1874 vimo katika usajili wa serikali ya Prussia mbali na daftari la kanisa. Katika Vita vya Kwanza vijana wa mashamba yale, kiasi cha 30,000, walivaa sare za Ujerumani, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Mzee wa huko akiwaambia kwamba mjomba wa baba yake alipigana Afrika, msicheke. Mwanzoni mwa 1915 Wajerumani waliipeleka Afrika Mashariki meli iliyobeba makaa ya mawe, bunduki na risasi, ikisafiri kwa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, na ili udanganyifu usigundulike mabaharia walichaguliwa miongoni mwa watu wa kusini waliosema Kidenmark. Tarehe 14 Aprili iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikafukuzwa na manowari ya Uingereza iitwayo Hyacinth, ikazamishwa karibu na ufuko na mabaharia wake wenyewe; risasi zikaopolewa na kuanikwa juani. Wale vijana, waliokulia katika nyumba zilizosema Kidenmark, wakajikuta wakitembea pamoja na askari wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, katika nchi ambayo wengi wetu tumezaliwa. Wapo wajukuu wao wanaohifadhi vitu vya huko bila kujua Manza iko wapi, na sisi ndio tunaoweza kuwaonyesha kwenye ramani.

Yote mtakayoyasikia yaandikeni siku ile ile, kwa maneno ya msimuliaji, na muyatenge na yale mliyoyapata kwenye karatasi, ili anayekuja baadaye ajue kipi kilitoka wapi. Mwombeni ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na mwulizeni ni yapi yasitoke nje ya familia wakati yeye yu hai. Nakala moja ipelekeni kwenye hifadhi ya historia ya mahali, ambazo ziko mamia nchini na nyingi huendeshwa na wastaafu wanaojitolea. Mara nyingi hao watawaonyesha picha za shamba lenu ambazo familia haijaziona. Nakala nyingine mpeni msimuliaji mwenyewe, ikiwa imechapwa kwa herufi kubwa. Shangazi aliirudisha yake akiwa ameandika pembeni, kwa penseli, majina ya farasi na mwaka ambao kila mmoja aliuzwa, na chini yao majina ya watumishi wawili wa kike ambao hakuwataja tulipokuwa mezani. Mmoja tumempata katika sensa ya 1940, bado akiwa katika usharika ule ule. Wa pili tunaambiwa aliolewa upande wa Ringkøbing, na kama yupo humu mwenye wakwe huko, namwomba anione kabla hajaondoka.